Kubomoa ghorofa kwa kijiko: jinsi ya kumweka mtu mbali na kinachodondoka na kinachoruka

Mwongozo huu ni wa foremani, msimamizi wa saiti au mkandarasi mdogo aliyepewa kazi ya kubomoa jengo la ghorofa mbili hadi nne katikati ya mji, tuseme Kariakoo, Ilala au Magomeni, na amekodi kijiko (eskaveta) chenye breka, ile nyundo ya haidroliki ya kuvunjia zege. Anayebomoa ukuta wa uzio kwa nyundo atapata machache ya kuchukua humu. Aliyepewa mnara wa ghorofa 15 asitegemee makala, amtafute mhandisi wa miundo.

Kwenye saiti zetu nyingi usalama huanzia na kuishia kwenye helmeti. Mtu akishavaa helmeti na riflekta tunamwona yuko salama, hata akisimama chini kabisa ya ukuta unaong'atwa na mashine. Hesabu inasema vingine. Helmeti ya viwandani ya kiwango cha Ulaya, EN 397, hupimwa kwa kudondoshewa uzito wa kilo 5 kutoka mita 1. Kipande cha tofali cha kilo 2 kikidondoka kutoka mita 10 kinafika chini na nguvu mara nne ya hiyo, kikiwa kwenye mwendo wa kama kilomita 50 kwa saa. Tofali zima la inchi sita ndiyo usiseme. Helmeti ivaliwe, lakini ijulikane ni ya kokoto na vipande vidogo. Kwa vikubwa, kinga ni kutokuwepo pale vinapoangukia, na hatua zote zinazofuata zinatafuta jambo hilo tu.

Hatua ya 1: Lizunguke jengo kabla mashine haijashushwa

Zunguko la kwanza angalia juu tu. Utakuta viyoyozi vilivyofungwa ukutani kwa nje, madishi ya setilaiti, mabango ya duka yaliyokazwa kwa waya, na juu kabisa matanki ya maji. Tanki la lita 1,000 lililojaa ni tani nzima iliyokaa juu ya slabu unayotaka kuitikisa. Vyote hivyo vishushwe kwa mikono na kamba kabla ya siku ya mashine. Vioo vya madirisha vilevile: kioo kilichobaki kwenye fremu hupasuka ukuta ukijipinda kidogo tu, na vipande vyake huenda mbali kuliko vya tofali.

Zunguko la pili ingia ndani na mhandisi. Kila mnachokiona kiulizeni maswali mawili: kimeshikwa na nini, na chenyewe kinashika nini? Chukua balkoni. Slabu yake imetokeza nje hewani, na kinachoizuia isipinduke ni nondo zilizoingia ndani ya jengo na, mara nyingi, uzito wa ukuta uliojengwa juu ya mkia wake. Opereta akiutoa ukuta huo kwanza kwa kuwa ndio ulio karibu na mkono wake, balkoni inabaki inasubiri. Inaweza kushuka saa hiyohiyo, inaweza kushuka usiku mlinzi akiwa amekaa chini yake anakunywa chai. Zege lina uzito wa takriban kilo 2,400 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo kipande cha slabu cha mita moja kwa mita moja, unene sentimita 15, ni kilo 360.

Nyumba za kale za mawe ya matumbawe na chokaa, kama za Mji Mkongwe wa Zanzibar, Lamu au Mombasa ya zamani, zina tabia yake. Hazina nondo za kushikilia vipande, kuta zake ni nene, na zikishanyonya maji huachia bonge zima kwa pamoja. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit el Ajaib, jumba la kale la Mji Mkongwe wa Zanzibar, iliporomoka ukarabati ukiwa unaendelea, mafundi wawili wakapoteza maisha. Ule haukuwa ubomoaji, lakini ukuta hauulizi umekuja kubomoa au kukarabati. Jengo la aina hiyo usilipelekee breka hata kidogo. Mtikisiko wake utaangusha upande ambao hujaugusa.

Umeme ukatwe na TANESCO kutoka kwenye nguzo, si kwa kuzima swichi kuu. Maji yafungwe, ila bakisha mpira mmoja wa kushushia vumbi.

Hatua ya 2: Usiuze mbao na vyuma kabla ya zamu yake

Hapa mjini jengo la kubomolewa huwa limeshauzwa kabla halijaguswa. Milango ina mteja, grili zina mteja, kenchi na mabati vina mteja, na wa chuma chakavu amelipa kishika uchumba cha nondo ambazo bado zimo ndani ya zege. Kuuza hakuna ubaya. Ubaya ni kutoa kwanza kile ambacho mteja amekilipia wakati ndicho kilichoshika ukuta.

Jijini Philadelphia, Marekani, tarehe 5 Juni 2013, ukuta wa jengo lililokuwa linabomolewa uliangukia duka la mitumba la jirani, duka likiwa wazi na wateja ndani. Watu 6 walikufa siku ile, wa saba akafariki baadaye. Mbao za sakafu zilizokuwa zinauegemeza ukuta ule zilikuwa zimeshatolewa, nazo ni mali ya kuuzika; ukuta ukabaki umesimama wenyewe ghorofa kadhaa kwenda juu, huku eskaveta ikifanya kazi kwenye saiti hiyohiyo. Mkandarasi na opereta wote wawili walifungwa jela.

Kwa hiyo gawa mali mafungu mawili. Milango, madirisha, bomba, waya, dari na masinki vitolewe mwanzoni, haviwezi kumwangushia mtu ukuta. Kenchi, mbao za sakafu, mihimili ya chuma na nguzo vitoke pamoja na kuta zake, ghorofa baada ya ghorofa kuanzia juu. Ukuta ukibaki peke yake bila kitu cha kuuegemeza, ama uutegemeze kwa mirunda imara siku hiyohiyo, ama uushushe siku hiyohiyo. Usilale nao.

Hatua ya 3: Pima eneo la hatari kwa futi kamba, kisha lizungushie uzio

Upande unaobomolewa, mtu wa miguu asikaribie chini ya mara moja na nusu ya urefu wa jengo. Jengo la mita 10, basi mita 15. Hicho ni kipimo changu cha kuanzia, na hakuna siku niliyojuta kukiongeza. Kukiwa na breka inayofanya kazi juu au vioo vilivyogoma kutoka, ongeza.

Tepu ya njano na nyeusi haizuii mtu. Watu huinyanyua wakapita chini yake huku wanaongea na simu. Weka mabati yaliyosimamishwa kwenye mirunda, mlango mmoja tu, na mtu wa mlangoni ambaye kazi yake siku nzima ni hiyo, si kuagizwa maji wala vocha. Nenda mwenyewe kwa mamantilie wa kona, kwa machinga na kwa kijiwe cha bodaboda siku mbili kabla, uwaambie tarehe na uwaonyeshe mstari. Kama meza ya mamantilie iko ndani ya mstari, mlipe hasara yake ya siku hizo ahame. Ni fedha ndogo mno ukiilinganisha na unachokiepuka, na atakuwa balozi wako kwa wengine.

Shida inakuja pale ambapo hiyo mita 15 haipo. Mitaa kama Kariakoo jengo linagusana na la jirani, mbele kuna kibaraza cha mita mbili kisha barabara imejaa watu. Hapo wengi hujibana: tepu kidogo, mtu mmoja wa kupiga filimbi, kijiko kinaingia. Jibu sahihi halipendezi mfukoni. Ghorofa za juu zishushwe kwa mikono, kipande kwa kipande, kukiwa na jukwaa na neti nje, mpaka kimo kilichobaki kiwe kinalingana na nafasi uliyo nayo. Ukiwa na mita 9 tu za nafasi, kijiko kianze jengo likiwa limebaki mita 6. Kama haiwezekani, omba halmashauri ikufungie barabara, na kazi ifanyike alfajiri ya Jumapili. Jirani anayegusana nawe atoke ndani ya jengo lake siku ya ukuta wa pamoja, na ukuta huo uvunjwe kwa mkono.

Hatua ya 4: Chagua mahali pa kusimamisha mashine

Kijiko cha kawaida cha tani 20, mkono wake hufika juu kiasi cha mita 9, na ghorofa moja ni kama mita 3. Jengo likizidi hapo, opereta hushawishika kulikata miguu: anakula nguzo na kuta za chini ili la juu lishuke lenyewe. Hapa ndipo opereta anapojiangushia jengo, maana anayekata chini hachagui litaangukia wapi. Kanuni ni moja, juu kwanza chini baadaye, na kisichofikiwa na mkono kinashushwa kwa njia nyingine.

Mashine isimame mbali na ukuta kwa angalau nusu ya urefu wa ukuta uliobaki, na zaidi ya hapo kama mkono unaruhusu. Ielekee ukuta moja kwa moja, nyuma yake pakiwa peupe. Opereta akiona ukuta unamjia ana sekunde chache, na katika sekunde hizo anatakiwa kurudi nyuma tu, si kuanza kugeuza cheni kwenye kifusi au kukuta fuso limeegeshwa mgongoni mwake.

Kikague kijiko chenyewe siku kinapofika. Kabini iwe na kizimba cha chuma juu na wavu mzito mbele. Vijiko vingi vya kukodi vimetoka kwenye mitaro na machimbo, havina hivyo, na kioo cha mbele peke yake hakizuii nondo. Mwulize na opereta: umeshabomoa ghorofa, au umechimba misingi tu? Kuchimba na kubomoa ni kazi mbili, hata kama levya ni zilezile.

Kuna hatari moja ambayo watu hawaihesabu kuwa ni kitu cha kudondoka: kijiko chenyewe, lile bakuli la meno. Mashine zenye kifungio cha kubadilisha haraka kutoka bakuli kwenda breka huweza kuonekana zimeshika kumbe hazijashika, na bakuli la mamia ya kilo likachomoka likiwa hewani. Kila baada ya kubadilisha, pini ya usalama ionekane kwa macho, kisha opereta alikandamize bakuli chini na kulivuta kwa nguvu, watu wote wakiwa mbali, kabla hajalinyanyua.

Hatua ya 5: Vinavyoruka

Kinachodondoka unaweza kukikisia kitatua wapi. Kinachoruka hakina adabu hiyo.

Tazama opereta anapong'ata lenta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha. Meno yanashika zege, linapasuka, lakini halidondoki, kwa sababu nondo nne bado zimeunganisha kipande na nguzo. Bonge limening'inia linayumba. Opereta analivuta. Nondo zinanyooka, zinakuwa nyembamba, moja inakatika kwa mlio kama wa risasi, na bonge linajizungusha kwenye zile zilizobaki. Kuanzia hapo hakuna ajuaye litarukia kabini, litaenda kando, au ncha ya nondo itachapa kama fimbo. Opereta anayejua kazi havuti. Analirudisha bonge taratibu, analiegemeza kwenye kifusi, analivunjavunja mpaka zege litoke kwenye nondo, ndipo nondo zikatwe likiwa limelala chini halina pa kwenda. Ni kazi ya dakika chache zaidi. Mwambie mbele ya watu wote kwamba dakika hizo umempa, la sivyo atadhani unamharakisha, na kwa kuwa kijiko hulipwa kwa saa, mara nyingi kweli unamharakisha.

Nondo iliyopindwa ina nguvu ndani yake. Anayeikata kwa grinda asimame mahali ambapo ikijifyatua haimfikii, na aikate kidogo kidogo. Grinda iwe na kikinga chake. Vijana hukitoa ili diski iingie pembeni vizuri, na diski ikivunjika vipande vinakuja usoni moja kwa moja.

Breka hutema vipande pande zote, hasa kwenye zege gumu la zamani. Isitumike kupekenyua. Opereta akishaichomeka ncha kwenye ufa akaanza kuisukuma kando ili afungue zege, ncha hukatika, na chuma cha namna hiyo kikiruka usitake kujua. Mpira wa haidroliki uliochunika ubadilishwe kabla ya kazi. Msaidizi asiupapase kwa mkono kutafuta unapovuja. Mafuta ya presha ile hupenya ngozi kama sindano.

Miwani ya kazi ina herufi zilizochapwa kwenye kioo au fremu. Kwa kiwango cha EN 166, F ni ya vipande vyenye mwendo mdogo, na B, ambayo hupatikana kwenye miwani inayofunika jicho lote, ni ya mwendo mkubwa zaidi. Kwa walio karibu na breka au grinda nunua B. Miwani ya jua ya mtaani ni pambo tu.

Hatua ya 6: Kifusi kutoka juu

Wanaobomoa kwa mikono hupenda kusukuma kifusi dirishani wakipiga kelele "chini!" Anayepita chini kwanza huangalia juu kujua kelele inatoka wapi, na tofali linamkuta uso uko wazi. Tumia bomba la kifusi lililofunikwa hadi chini, lenye geti la kufungia, au toboa sakafu na kuangushia ndani ya jengo. Ukiangushia kwenye tundu, chumba cha chini kinachopokea kifusi kizibwe kabisa. Kanuni za Marekani zinataka kizuizi cha kimo cha sentimita 107, kiwe umbali wa mita 1.8 kutoka ukingo wa tundu lililo juu, na hicho ni kipimo kizuri cha kuazima. Usirundike kifusi kwenye slabu ukisubiri gari, maana slabu ilijengwa kubeba watu na vitanda.

Kifusi kisichotwe chini wakati juu kazi inaendelea. Ama juu, ama chini.

Hatua ya 7: Mtu mmoja wa ishara, na sheria ya kijiko chini

Opereta aliye ndani ya kabini haoni nyuma wala upande wa mkono wa mashine. Mteue mtu mmoja awe macho yake, mwenye riflekta ya rangi tofauti, anayesimama nje ya eneo la hatari mahali opereta anamwona. Asipomwona, mashine isimame. Ishara ya kusimama inaweza kutolewa na yeyote, hata kibarua wa siku ya kwanza, na asiulizwe kwanza kwa ukali.

Hatari kubwa kuliko zote ni kimya. Mashine ikitulia, wa vyuma wanajua ndiyo nafasi yao; wanaingia mbio kuchomoa nondo chini ya ukuta ulioachwa nusu. Kwa hiyo sheria iwe hivi: mtu haingii mpaka bakuli limekaa chini, injini imezimwa, na foremani ameangalia juu na kutoa ruhusa kwa mdomo. Kuwafukuza wa vyuma huwezi, hilo tuambiane ukweli. Wapangie saa zao, mathalani saa sita hadi saa saba mchana, sehemu uliyoikagua, nao watatii kwa sababu wana uhakika wa kupata. Nondo ikiachwa imezagaa bila utaratibu, unawaita mwenyewe.

Upepo mkali au mvua vikija, simamisha kazi. Kabla ya kufunga jioni, zunguka na opereta, shusheni kila kinachoning'inia. Kisichoweza kushuka, sogezeni uzio.

Mtu akishaumia

Kwanza zuia wa pili. Wenzake watakimbilia palepale alipopigiwa, wakati lililompiga lina ndugu zake juu. Mashine izimwe, foremani aangalie juu, ndipo watu wawili waingie.

Aliyepigwa kichwani au mgongoni asibebwe mikono na miguu kutupwa nyuma ya pikapu, wala kukalishwa katikati ya watu wawili kwenye bodaboda. Asogezwe tu kama alipo panaweza kuanguka tena, kichwa na shingo vikishikwa sawa na mwili, juu ya ubao au mlango mliotoa wenyewe. Nondo au kioo kikiwa kimeingia mwilini msikichomoe. Kizungushieni vitambaa kisicheze. Jicho lililoingiwa na kipande lisifikichwe wala kukandamizwa, lifunikwe na kikombe cha karatasi mpaka hospitali. Lililoingiwa na vumbi la saruji au chokaa ni kinyume chake: maji safi mengi, dakika 20 bila kukatisha, ndipo safari. Zimamoto na Uokoaji Tanzania ni 114, na mtu akiwa amenasa chini ya bonge waitwe hao kabla hamjajaribu kulinyanyua kwa kijiko.

Anayesema "niko sawa" baada ya kupigwa kichwani asirudishwe kazini wala asiachwe alale peke yake nyumbani. Akitapika, akisinzia ovyo, akichanganya maneno au akitoka maji puani au masikioni, ni hospitali usiku uleule.

Kisha taarifa. Tanzania Bara taarifa ya ajali kazini hupelekwa OSHA, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, na fidia hushughulikiwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Kenya, chini ya sheria ya mwaka 2007, kifo kazini kitaarifiwe kwa ofisa wa usalama ndani ya saa 24 na maandishi yafuate ndani ya siku 7. Mkandarasi anayemalizana na familia kwa bahasha anamnyima majeruhi haki yake na kujiachia deni. Piga picha za eneo kabla ya kusafisha, andika majina ya waliokuwepo, mashine ilikuwa wapi na kipande kilitoka wapi kikatua wapi. Pima umbali huo kwa futi kamba. Kama kimetua nje ya mstari wako, mstari ulikuwa mfupi, na kazi isianze tena mpaka uzio usogezwe.